Kupeleka Posa Pwani ya Wamaya

Tangu nirudi, kila ninapotoka kanisani kuna mtu ananishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu, Meksiko ilikuwaje?" kisha anaangalia saa. Nimeona niandike mara moja, msome mkiwa mmekaa, nami niwahi treni yangu. Wanaotaka habari za tiketi na viza wamwulize mpwa wangu Deo. Yeye ndiye aliyeshughulikia hayo yote. Mimi nilibebwa tu kama sanduku la vyombo vya udongo, na namshukuru Mungu nilifika bila ufa.

Kutoka Parkdale hadi mlango wa ndege

Kwa wasiomfahamu, Deo ni mtoto wa dada yangu. Anakaa Scarborough, mashariki mwa Toronto, na anafanya kazi ya kompyuta Markham, mji jirani, maana yake kila asubuhi anaendesha gari kwenye foleni ndefu kwenda kukaa mbele ya kompyuta, na kwake ameacha nyingine. Alikuja kwangu Parkdale mwanzoni mwa Kwaresima, akavua viatu vyenye theluji, akasema, "Mjomba, umechoka. Nakupeleka baharini upumzike."

Nimefundisha dini tangu Mahenge, Tanzania, hadi hapa Toronto, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyegundua kwamba nimechoka. Ningepaswa kushtuka. Badala yake nilimshukuru Mungu, nikafungasha rozari, kitabu cha sala na sweta mbili. Mtu aliyekaa Toronto muda mrefu haamini habari za joto mpaka limwunguze.

Nilishtuka tulipofika uwanjani. Pale kwenye viti vya kusubiri ndege nilimwona Mzee Mwadime, na pembeni yake binti yake Wakesho. Wengi mnamjua mzee huyu. Ni Mtaita wa Kenya, alifanya kazi posta mpaka akastaafu, mke wake alishafariki, na sasa anakaa Markham na binti huyo mmoja katika nyumba ambayo ingetosha seminari ndogo. Wakesho ni muuguzi. Yeye na Deo walianza kupendana katika kwaya ya misa yetu, na siri hiyo waliitunza vizuri sana. Aliyekuwa hajui alikuwa labda Askofu.

Nikamgeukia Deo. "Kumbe na wao wamechoka?"

"Mjomba, kuna jambo dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Nataka uwe mshenga wangu."

Alinieleza harakaharaka, huku akijifanya anakagua mkanda wa begi. Washenga wawili walishatumwa, na wote wawili walirudi mikono mitupu. Wa kwanza, rafiki yake wa kazini, alipeleka posa kwa ujumbe wa simu, wenye picha ya maua na pete inayometameta. Mzee hakujibu. Wa pili alipiga simu wakati mzee anazoa theluji mlangoni. Mzee alimwambia yuko kazini, akakata. Sasa Wakesho alikuwa ametoa neno lake. Huyu wa tatu ndiye wa mwisho. Hataki baba yake agongewe kila siku kama duka, na yeye haolewi bila kauli ya baba. Huyu akirudishwa, mambo yaishe, kila mtu ashike njia yake.

"Na mzee anajua kwa nini nipo hapa?"

"Anajua tunakwenda likizo. Wakesho amemwambia joto ni zuri kwa magoti."

Ndani ya ndege vijana walihakikisha mimi na mzee tunakaa kiti kwa kiti, kisha wakaenda kukaa mbali kabisa, kwa heshima. Ndege haikuondoka. Ilisimama pale ikinyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa, ikapangwa foleni, barafu ikarudi, ikanyunyiziwa tena. Rubani alitutangazia mara kwa mara kwamba tunaondoka muda si mrefu. Nimefundisha somo la uzima wa milele kwa vitabu na picha, lakini siku ile nililielewa.

"Mwalimu," Mzee Mwadime akasema mwishoni, "na wewe umeletwa kupumzika?"

"Nimeletwa, mzee."

"Magoti?"

"Bado sijaambiwa naumwa nini."

Akaguna, akafunga macho.

Hoteli isiyokosa kitu

Kankun ilitupokea kwa joto kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri ili aone mkate. Basi lilitupeleka kusini kando ya pwani, likashusha watu hoteli baada ya hoteli, na ya kwetu ilikuwa ya mwisho, jambo lililonipa nafasi ya kusali rozari nzima na kuanza nyingine.

Hotelini walitufunga bangili ya plastiki mkononi. Ukiwa na bangili unakula na kunywa chochote, saa yoyote, hata kama umetoka kula sasa hivi. Kwa Mkristo aliye katikati ya Kwaresima, hakuna mahali pazuri zaidi pa kujinyima. Nilikuwa nimeacha nyama na sukari, na kila nilipogeuka mtu mkarimu alinifuata na sinia la nyama au sinia la sukari.

Bahari ilikuwa pale pale mbele, lakini hoteli ilikuwa imechimba mabwawa mengi ya kuogelea kandokando yake, ili mgeni asipate usumbufu wa kuogelea baharini. Ufukweni kulikuwa na mwani mwingi wa kahawia, unanuka kama mayai yaliyosahaulika. Wanaume wenye reki waliuzoa tangu alfajiri, na bahari ilileta mwingine kabla hawajamaliza. Niliwaombea. Ni kazi inayofanana sana na kufundisha watoto wa kipaimara.

Sasa niwaeleze shida yangu, maana vijana wetu waliokulia hapa hawaijui. Mshenga haendi popote tu akafungua mdomo. Anakwenda nyumbani kwa wazee wa binti. Anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa, anapewa chochote kilichopo, anakula. Ndipo anaposema, "Mzee, nimetumwa." Akishakula chini ya dari ya watu, hawezi kufukuzwa kabla hajasikilizwa. Asipokaribishwa, hana la kusema. Ndivyo walivyokosea wale wawili wa kwanza, na Deo, pamoja na elimu yake yote, alikuwa amenileta kupeleka posa mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja mwenye nyumba.

Nilijaribu hivyo hivyo. Siku ya pili, baada ya chai, nilikwenda chumbani kwa mzee. Nikagonga.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Hodi hapa. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," akajibu, kwa kuwa hilo hata angekuwa na hasira angelijibu. Lakini hakusema karibu. Alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Mwalimu, humu ndani kuna kitanda na televisheni. Nikukaribishe kitandani?"

"Kiti kidogo kingenitosha, mzee."

"Kiti kina suruali zangu. Halafu hii ni Kwaresima."

"Mimi sijasema nimekuja kwa nini."

"Ni kweli, hujasema. Usiseme."

Tukasimama pale kwenye ujia, wazee wawili katika kaptura, mpaka mama mmoja wa usafi akaja na kigari chake, akatuonyesha kwa ishara kama tunahitaji taulo. Tulichukua taulo. Sikujua ningefanya nini kingine.

Wakati wa chakula cha usiku nilijaribu tena. Nilimchagulia meza, nikamvutia kiti, nikamletea samaki kwa mikono yangu, nikidhani labda mimi nikiwa mwenyeji jambo litasogea.

"Nani amemkaribisha nani hapa?" akauliza, akiinua mkono. "Wewe una bangili, mimi nina bangili. Hata yule bwana anayecheza na kiti ana bangili. Kula, Mwalimu. Samaki ni mzuri."

Alijua, bila shaka. Alijua tangu Toronto. Mzee Mwadime si mtu mgumu wa kuelewa. Ni mgumu wa kuingilika.

Deo alinisubiri kwenye ngazi. "Mjomba, si umwambie tu?"

"Wawili walimwambia tu."

"Lakini siku zinakwisha."

"Hilo ungeliwaza kabla hujanitoa Parkdale, ambako angalau watu wana milango."

Tulum

Asubuhi tulipakiwa kwenye basi dogo kwenda Tulum kuona mji wa zamani wa Wamaya. Dereva aliitwa Beto, mtu wa makamo, mpole, mwenye Kiingereza cha kutosha kazi na kidogo cha ziada. Mtembeza wageni alikuwa mwingine. Huyo alitukusanya kivulini na kumwuliza kila mtu anatoka wapi. Nikasema Toronto. Akanitazama kwa huruma, akauliza tena, natoka wapi hasa. Kabla sijajibu, Mzee Mwadime akamwambia yeye anatoka Markham. Hapo bwana yule akaacha kutuuliza maswali.

Niseme kweli, mahali pale ni pazuri. Ukuta wa mawe umezunguka mji pande tatu, na upande wa nne ni jabali na bahari chini yake, rangi ambayo Mungu hakuibania kitu. Kuna mijusi mikubwa kama kenge imelala juu ya madhabahu za kale kama makasisi waliostaafu. Tulionyeshwa hekalu kuu, na watu wote wakaligeuzia mgongo ili wapigwe picha nalo. Nilijaribu kuwawazia waliolijenga, walivyobeba mawe katika jua lile kwa ajili ya sala. Sikufika mbali, maana mama mmoja aliniomba nisogee, nilikuwa nimesimama katika picha yake.

Ndipo nikaona mlango. Kulikuwa na nyumba ndogo ya mawe, mlango wake mfupi sana, na Mzee Mwadime alikuwa amejibanza kando yake kwenye kivuli chembamba. Mtembeza wageni alikuwa amesema mlango ni mfupi ili anayeingia ainame. Nikajiambia, nyumba ni nyumba. Nikavua kofia, nikasogea, nikainama.

"Hodi," nikasema.

Filimbi ikalia. Mlinzi alikuja mbio akinionyesha kamba ambayo kiatu changu kilikuwa kimeivuka. Mzee Mwadime hakusogea.

"Mwenye nyumba yuko wapi, Mwalimu?"

"Alikufa zamani, mzee."

"Basi kapose kwake huyo."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka, hata siku ya bazaa ya parokia. Alicheka mpaka akashika ukuta wa Wamaya kwa mikono miwili, na mlinzi akampigia filimbi yeye pia. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nilidhani labda kuna njia, ingawa sikuiona iko wapi.

Njiani kurudi walitusimamisha kwenye senote. Ni shimo kubwa katika mwamba, chini yake kuna maji masafi ya baridi, na watu hulipa ili wasukumwe humo. Nilivishwa jaketi la kuelea, nikaelea kama boga. Mzee alikataa kabisa. "Sisi Wataita ni watu wa milima," alisema, akakaa juu akishika viatu vya watu wote. Deo na Wakesho waliogelea hadi upande wa giza, wakapiga kelele kusikia mwangwi. Mzee aliinama kuwatafuta kwa macho mpaka walipotokea.

Koba, kwa magurudumu matatu

Ijumaa tulikwenda Koba, ndani zaidi, msituni. Magofu ya huko yametawanyika, hivyo vijana hukodi baiskeli na wazee hupandishwa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, yenye kiti cha watu wawili mbele na mwenye kukanyaga nyuma. Wakesho alitupandisha mimi na baba yake pamoja. Alitufunga mkanda mmoja.

"Mnakaa vizuri?" akauliza.

"Kama maharusi," baba yake akajibu, na binti akaondoka haraka.

Bwana aliyetukanyagia alikuwa na miguu kama nguzo, na bado nilimsikia akihema nyuma ya masikio yetu. Miti ilikuwa mirefu, kivuli kizuri, ndege wakipiga kelele. Nikakohoa.

"Usinianze hapa, Mwalimu," mzee akasema. "Nikikasirika, tutamwangusha huyu bwana wa watu."

"Kwani utakasirika?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwambia usinianze."

Piramidi ya Koba ni kilima cha mawe kinachotoka msituni ghafla. Tulikaa chini yake kwenye gogo, tukala machungwa yaliyopakwa pilipili ya unga, chakula ambacho nadhani kilibuniwa na mtu aliyekuwa na hasira na machungwa. Deo na Wakesho walikuwa wameshaizunguka, na sasa walikuwa wanatangulia kwa baiskeli zao kwenye njia ya kurudi.

"Mtazame anavyokanyaga," mzee akasema. "Haangalii nyuma."

"Nani, Deo?"

"Mtoto wangu."

Nikamenya chungwa jingine.

Kijijini, gari lilipokataa

Tukiwa njiani kurudi, basi dogo la Beto lilitoa mvuke puani likasimama. Rejeta ilikuwa imepasuka. Beto alitutangazia kwamba msaada unakuja muda si mrefu, na mimi na mzee tukatazamana kama watu waliowahi kusikia neno hilo. Abiria wengine walipata gari lililokuwa likipita. Sisi wanne tulibaki, kwa kuwa wazee hawawezi kusimama nyuma ya lori, na vijana wetu hawawezi kuwaacha wazee.

Karibu na pale kulikuwa na nyumba ya fito na udongo, imeezekwa majani, kuta zake zimezungushwa kwenye ncha kama mkate. Ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji uliuzunguka ua, na mwanya wa kupitia haukuwa na lango. Beto alikwenda mpaka kwenye mwanya huo, akasimama. Ungeweza kuuvuka kwa hatua moja. Hakuuvuka. Akaita, akanyamaza. Mbwa akabweka. Akaita tena kwa sauti ile ile, akasubiri mikono nyuma. Tuliona mama mmoja amesimama jikoni anamwangalia, naye hakuwa na haraka. Mwishowe akajibu kitu, na Beto ndipo akaingia.

Mzee Mwadime alinigusa kiwiko. "Umeona?"

"Nimeona."

"Huyo amefunzwa."

Mama mwenye nyumba aliitwa Doña Eulalia, kama kusema Mama Eulalia. Alitukalisha kwenye viti vya plastiki chini ya upenu, akaleta maji ya kunawa, bila kutuuliza kama tuna bangili. Pamoja naye alikuwa mama yake, bibi mdogo wa umbo, katika gauni jeupe lililotariziwa maua, na watoto watatu wa nyumba hiyo. Kwenye kona palikuwa na picha ya Bikira Maria, mshumaa na maua ya plastiki. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, jikoni hapakuwa na nyama. Huko hotelini siku hiyo walikuwa wametangaza karamu ya mbavu za kuchoma. Hapa tulipata maharage meusi, mayai, na chapati ndogo za mahindi zilizotoka moja kwa moja kwenye moto. Nilifanya ishara ya msalaba, na bibi naye akafanya. Tukasali Baba Yetu kila mtu kwa lugha yake. Wao walimaliza kwanza, wakatusubiri kwa adabu.

Mzee Mwadime aliona kibakuli cha kitu cha rangi ya chungwa, akadhani ni kachumbari. Beto alisema, "Mzee, taratibu," lakini kijiko kilikuwa kimeshafika. Ilikuwa pilipili. Machozi yalimtoka, akashika meza, na bibi akampigapiga mgongoni na kumpa chapati kavu atafune. Nilisubiri. Mshenga hamwanzii mtu ambaye mdomo wake unawaka.

Alipopata pumzi, nilinawa mikono, nikasimama.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "nimetumwa."

Deo aliacha kutafuna. Wakesho akatazama chini.

"Hapa si kwangu," mzee akasema, akifuta macho.

"Wala si kwangu. Tumepiga hodi, tumekaribishwa, tumekula. Sote ni wageni wa mama huyu. Ukitaka kunikataa, nikatae, lakini nisikie kwanza."

Kule uani bibi alikuwa akiwaambia watoto jambo kwa Kimaya, taratibu, na watoto wakimjibu kwa Kihispania bila kuinua macho. Naye aliendelea kwa Kimaya kama vile amejibiwa sawasawa.

"Unawasikia?" mzee akauliza. "Bibi anasema lake, wao wanasema lao."

"Kama kwetu Toronto."

"Kwako labda. Kwangu mimi najibiwa. Tangu mama yake afe, ni sauti ya Wakesho tu ndani ya ile nyumba. Nasema kitu kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiswahili. Hata ugomvi wetu ni wa Kiswahili. Sasa wewe umetumwa kuichukua."

"Nimetumwa kuomba, mzee, si kuchukua."

"Tofauti hiyo unaiona wewe. Mimi jioni nikifunga mlango sitaiona."

Kumbe ndilo lililokuwa limesimama nyuma ya mlango muda wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: ukoo wa Deo, ubatizo wake, kazi yake, tabia yake. Nilikuwa na majibu mazuri kuhusu kijana. Kuhusu mzee sikuwa nimeandaa hata moja.

Wakesho akainua uso. "Baba, naenda Scarborough tu."

"Najua."

"Siendi Ulaya."

"Scarborough ni mbali kwa mtu anayekula peke yake."

Doña Eulalia alimwuliza Beto wazee wanajadili nini, Beto akamweleza kwa urefu, pengine na nyongeza zake. Mama akajibu huku akigeuza chapati.

"Anasema," Beto akatafsiri, "mama yake pia alilia siku ya harusi. Baadaye alihamia hapa, na mpaka leo anamkosoa jinsi anavyopika."

Deo alirukia nafasi hiyo kwa miguu yote miwili. "Baba, hata sisi tuna chumba. Kule chini ya nyumba, kina joto kabisa na choo chake."

"Chini ya nyumba?" mzee akasema. "Niache kwangu nikakae chini ya ardhi kabla sijafa?"

"Sikumaanisha hivyo, Baba."

"Wewe kijana ni mzuri. Lakini nyamaza kidogo, una mshenga."

Kila mtu akanigeukia. Nilisali sala fupi, ile isiyo na maneno, na nikajisikia nikisema kitu ambacho hakuna aliyenituma.

"Basi nitakuja mimi."

"Uje wapi?"

"Markham. Jumapili, baada ya misa. Nami ninakula peke yangu, mzee. Hata Parkdale watu hula peke yao, ila kuta ni nyembamba, unasikia wengine wakila."

Mzee akanigeukia. "Utakuja kama mshenga? Kazi ya mshenga huisha siku ya harusi."

"Nitakuja kama mtu mwenye njaa."

"Na utakuja wakati wa theluji?"

"Theluji hainizuii kwenda misa."

"Misa ni lazima."

"Na hili nalifanya la lazima."

Bibi alikuja akamwekea mzee chapati nyingine mkononi, akavikunja vidole vya mzee juu yake kama anamfungia zawadi. Mzee akaitazama, akaimega.

"Deo," akasema bila kugeuka.

"Naam, Baba."

"Mshenga wako amekula na amesikilizwa. Waambie wazee wako waje nyumbani kwangu Pasaka ikishapita. Waje kwa mlango wa mbele. Binti yupo."

Wakesho alifunika uso kwa mikono. Deo alisimama kumkumbatia, mzee akamzuia kwa kiganja. "Usinisogelee, bado nina pilipili," akasema, na macho yake kweli yalikuwa yanatoka machozi tena. Sikuuliza ni pilipili ya saa ngapi.

Kurudi Toronto

Siku iliyofuata tuliondoka. Ndege ilichelewa, nasi tulikuwa tumezoea. Mzee alilala safari nzima, kichwa kikiwa begani kwangu, akikoroma kwa Kitaita. Uwanjani Toronto tulikuta theluji inaanguka upya, kana kwamba ilikuwa inatusubiri tuvae kaptura.

Wazee wamekwisha kwenda, mlango wa mbele, wamekaa, wamekula. Tangazo la ndoa mtalisikia kanisani, na nawaomba mjifanye mmeshangaa. Mzee bado anasema mshenga huyu alimvizia akiwa na pilipili mdomoni, na kwamba mahakama yoyote ingebatilisha.

Wale mnaolalamika kwamba sikai tena kwenye chai ya baada ya misa, sasa mnajua. Ninapanda treni, kisha basi, kisha basi jingine, nikishuka nyumba zote zinafanana. Mzee Mwadime ananingoja dirishani, na nikifika anajifanya alikuwa anaangalia hali ya hewa. Siku ya kwanza Wakesho alitaka kutupikia, akafukuzwa jikoni, kwa sababu baba yake ameamua kujifunza kupika kabla binti hajaondoka. Ugali wake una madonge, na mboga anaichemsha mpaka inakiri dhambi zake. Tunakula, tunabishana kwa Kiswahili juu ya jinsi Watanzania wanavyozunguka maneno na Wakenya wanavyoyakatisha, na kabla sijamaliza sahani, ananiongezea bila kuniuliza.